Nyasi Zimekosa Nini?

Wewe usomaye maneno haya, yamkini umekwisha kupewa fyekeo mkononi kwa kosa ambalo halikuhusu nyasi hata kidogo. Ulichelewa kufika mstarini, au ulizungumza wakati wa masomo ya jioni, au ulisahau daftari nyumbani. Mwalimu wa zamu akaliandika jina lako, na siku ya pili ukajikuta umeinama nyuma ya maabara, jua limekushika utosini, unakata nyasi. Nyasi hazikuwa zimekukosea kitu, wala wewe hukuwa umezikosea. Ulipomaliza, mwalimu alipita, akatazama, akasema, "Sasa pamekuwa safi."

Nataka tulishike neno hilo "safi", tuligeuze juu chini, tuone lina nini ndani yake. Maana kwa neno hilo moja, katika wilaya zetu za Migori na Homa Bay, ambazo siku hizi ni kaunti, tumeondoa vitu vingi sana ambavyo hatukuvihesabu kabla ya kuviondoa.

Mimi mwenyewe ni mwalimu, na sitajitoa katika lawama. Chuoni nilikofunzwa ualimu tuliambiwa kwamba mkaguzi akija shuleni huusoma uwanja kabla hajalisoma daftari. Uwanja mzuri ni ule uliofagiliwa mpaka udongo ukaonyesha mistari ya ufagio, njia zake zimepangwa mawe yaliyopakwa chokaa, wala pasionekane jani lililozidi urefu wa kidole. Tuliyaamini maneno hayo, tukaenda nayo vijijini kama mtu aendavyo na dawa. Nimewagawia wanafunzi mafyekeo mara nyingi kuliko niwezavyo kukumbuka.

Katika mwaka wangu wa tatu wa kazi, karibu na siku ya wazazi, niliwaamuru wanafunzi wa kidato cha pili wafyeke kipande cha nyasi ndefu kilichokuwa kati ya uwanja wa mpira na ua. Kilikuwa kipande kidogo, kama nusu ekari, na nyasi zake zilikuwa zimefika kiunoni. Kazi ilipofika katikati, mvulana mmoja alinijia ameshika sweta yake kwa mikono miwili, na ndani ya sweta mlikuwa na mayai madogo yenye madoadoa, mengine yamevunjika. Yalikuwa mayai ya tombo, ndege ambaye Wajaluo humwita aluru. Mvulana akaniuliza, "Mwalimu, tuyapeleke wapi?" Nikatazama kulia na kushoto. Pande zote nilizoweza kuziona palikuwa na udongo mtupu, mahindi ya jirani, na barabara. Sikuwa na jibu. Nilimwambia ayaweke chini, aendelee na kazi.

Swali lile limenisumbua kuliko maswali yote niliyopata kuulizwa darasani. Tombo si ndege mgeni kwetu. Babu zetu walimjua vema, wakamtega kwa vikapu vilivyotundikwa juu ya miti mirefu, ndani yake wakaweka ndege wa kuwaita wenzake. Mwaka 2013 na 2014 nchi nzima ya Kenya ilishikwa na wazimu wa mayai ya tombo. Watu walikopa fedha, wakafuga ndege hao katika vyumba, kisha bei ikaanguka, wakabaki na hasara. Walakini katika kelele zile zote nilisikia watu wachache mno wakiuliza kama tombo wa mwituni amebakiwa na mahali pa kutagia.

Sasa tuseme juu ya nyasi zenyewe, maana hatuwezi kutetea kitu tusichokijua kwa jina. Mwanafunzi wetu akiulizwa atataja miti ishirini bila kusita. Akiulizwa nyasi, atasema "nyasi" akanyamaza. Hali aina za nyasi katika nchi yetu ni nyingi, na tabia zao hazifanani. Kuna ukoka, utambaao chini na kushika udongo kwa vifundo vyake. Kuna motomoto, wenye maua meupe kama pamba. Kuna zile ndefu ambazo wataalamu huziita Hyparrhenia, ndizo zilizoezekea nyumba za wazee wetu. Na kuna moja ambayo wataalamu huiita Themeda triandra. Hii huota kwa mafungu, na ikikomaa mashuke yake hugeuka rangi ya kutu na dhahabu, hata ukiona bonde zima la nyasi hizo jioni, upepo ukizilaza na kuziinua, utadhani ni ziwa lililoshika moto.

Mbegu ya Themeda ina jambo ambalo ningependa ulione kwa macho yako. Ina mkia mrefu mweusi uliosokotwa kama kamba. Mkia huo ukipata unyevu hujisokotoa, ukikauka hujisokota tena. Na kwa kuzunguka huko mbegu hujisukuma yenyewe ndani ya ufa wa ardhi. Weka mbegu moja katika kiganja, itie tone la maji, usubiri kidogo. Utaona kitu kisicho na mkono wala jembe kinajipanda chenyewe. Hicho ndicho tunachokiita takataka.

Na hapa kuna jambo la ajabu. Nyuma ya maabara nyasi hufyekwa kama adui, lakini mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu pana nyasi nyingine zinazolindwa kwa kibao kilichoandikwa "Usikanyage nyasi." Hizo zilinunuliwa kwa magunia, zikaletwa kwa lori, zikapandwa kwa mstari. Katika mwezi wa Januari, visima vinapopungua maji, wasichana hubeba ndoo kutoka mtoni wazinyweshe. Zikipungukiwa maji juma mbili hugeuka rangi ya jivu. Hazifichi ndege, hazilishi kipepeo, hazitoi mbegu, maana kila zikitaka kuchanua hukatwa. Kazi yake ni moja tu, kumwambia mgeni kwamba hapa pana watu wenye nafasi ya kupoteza maji. Sisemi kwamba shule isiwe na mahali pa kijani pa kukalia. Nasema ukoka wetu ungefanya kazi hiyo bure, na ungevumilia jua pasipo ndoo ya mtu.

Labda utasema: mwalimu, haya ni mambo ya urembo wa uwanja, na nchi ina shida kubwa zaidi. Basi na tutoke shuleni twende mpaka Bonde la Lambwe, chini ya genge la Kanyamwa, katika kaunti ya Homa Bay. Huko kuna Hifadhi ya Taifa ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 120. Ilitengwa mwaka 1966 kwa jina la Lambwe, ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Ndani yake yuko mnyama aitwaye korongo. Simsemi yule ndege mwenye miguu mirefu, bali namsema paa mkubwa, karibu ukubwa wa farasi, mwenye pembe zilizopinda kwenda nyuma na uso mweusi wenye mabaka meupe kama aliyevaa kinyago. Zamani korongo waliishi katika nyanda nyingi za Kenya. Leo, katika Kenya nzima, hawapatikani porini isipokuwa Ruma peke yake. Hesabu ya wanyamapori iliyofanywa nchini mwaka 2021 iliwakuta kumi na watano.

Soma tena hesabu hiyo. Darasa lako lina wanafunzi wangapi? Korongo wote wa Kenya walikuwa wachache kuliko hao, na wangetosha kukaa katika madawati ya safu mbili.

Kwa nini walipungua? Waliwindwa, hapana shaka, na mitego ya waya imewaua wengi. Simba na chui hawana haja ya kusingiziwa hapa. Lakini korongo ni mnyama wa nyasi ndefu. Hula nyasi, na jike akizaa humficha ndama wake katika nyasi kwa majuma ya kwanza, akaenda malishoni na kurudi kumnyonyesha. Mwondolee korongo nyasi ndefu, umemwondolea chakula na kitanda cha mtoto kwa pigo moja. Nyanda zilizolimwa au kulishwa mpaka zikabaki kama zulia lililochakaa haziwezi kumrudisha, hata tukiweka askari mia wamlinde.

Yuko na mwenzake angani. Ni mbayuwayu wa buluu, ndege mdogo, rangi yake buluu iliyoiva ing'aayo kama chuma kilichopakwa mafuta, na mkia wake una nyuzi mbili ndefu. Huzaliana kusini, katika nyanda za juu za Afrika Kusini, Zimbabwe, Malawi na kusini ya Tanzania. Baridi ya huko ikianza, karibu mwezi wa Aprili, huruka maelfu ya kilomita kuja pande za Ziwa Viktoria, na Ruma ni moja katika vituo vyake vichache vinavyojulikana hapa Kenya. Hukaa mpaka karibu Septemba, akiwinda wadudu juu ya nyasi. Fikiri: ndege mdogo wa uzito kama wa barua anaipita mito na milima, mipaka ya serikali tano, anakuja Homa Bay kwa sababu moja tu, nyasi zetu. Nasi watoto wa Homa Bay hatujui hata kwamba amekuja.

Kwa hiyo ninapodai kwamba kila shule katika Migori na Homa Bay itenge kipande cha nyasi za asili, kisifyekwe ila kwa kanuni, sidai urembo. Sidanganyi pia. Korongo hatakuja kulala nyuma ya maabara yako. Lakini tombo atakuja, na mnana, na vipepeo, na nyuki, na panzi ambao mbayuwayu huwafuata. Na zaidi ya hao, watakuja watu waliokulia karibu na nyasi wakazijua, ambao siku moja watakaa katika baraza za kaunti na kuamua kama Ruma ibaki au ikatwe mashamba. Mtu aliyefundishwa kwa miaka minne kwamba nyasi ndefu ni uchafu na ni adhabu, siku hiyo utamwambia nini akakuelewa?

Najua hoja za upande wa pili, maana mimi mwenyewe nilizisema. Ya kwanza ni nyoka. Kweli, nyoka hupenda mahali pa kujificha, na katika nchi yetu bafe ameuma watu na kuua. Hili si jambo la kucheka. Lakini nyoka hafuati nyasi kwa kuzipenda. Hufuata panya, na panya hufuata makombo ya jikoni na mahindi yaliyomwagika stoo. Shule nyingi hufyeka uwanja wote kisha huacha jalala lililo wazi hatua chache kutoka bwenini, halafu hustaajabu nyoka katoka wapi. Nakubali kabisa kwamba pande zote za mabweni, madarasa, vyoo na njia pawe na nyasi fupi, upana wa hatua kumi au zaidi. Kipande ninachokidai kiwe mbali, kiwe na mpaka unaoonekana, na mtu asiingie humo bila viatu. Nyoka akiwa na mahali pake, nawe una pako, mtakutana mara chache.

Ya pili ni mbu. Hapa watu wengi hukosea. Mbu hazaliwi na jani. Hutaga mayai yake katika maji yaliyotuama. Mbu mzima aweza kupumzika katika majani mchana, sikatai, na hiyo ni sababu nyingine ya kuweka nyasi fupi karibu na madirisha. Lakini fyeka utakavyo, ukiacha makopo, nyayo za ng'ombe zilizojaa mvua, na mashimo yaliyoachwa wazi na wachimba dhahabu kule pande za Macalder, malaria itakaa nawe. Udongo uliofagiliwa mpaka ukawa mgumu kama sakafu huacha maji yasimame juu yake. Mizizi ya nyasi huyafungulia njia yaingie chini. Nani basi ni rafiki wa mbu?

Ya tatu ni ndorobo, na hoja hii ina uchungu wake, kwa sababu malale yaliwatesa watu wa Lambwe kwa muda mrefu katika karne iliyopita. Wazee wa huko wana makaburi ya kuonyesha. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeyaondoa malale yasiwe tena tatizo la afya ya umma, na hiyo ni kazi ya miaka mingi ya mitego, dawa na uangalizi. Lakini ndorobo wa Lambwe makao yake ni vichaka vizito vyenye kivuli. Uwanda wa nyasi ulio wazi kwa jua humchoma. Sasa tazama kinachovisaidia vichaka: ni ule mmea wa lantana, wenye maua ya rangi nyingi kama peremende, ulioletwa kutoka Amerika ya joto upandwe kuwa ua na pambo. Umetoka bustanini, ukaingia malishoni, ukazisonga nyasi, ukajenga vichaka visivyopenyeka. Tukiuita mmea huo pambo na nyasi tukaziita pori, tumelipa adui jina la rafiki.

Wala lantana si ya peke yake. Simama gatini pa Homa Bay siku ambayo upepo umelisukuma gugu maji kuja pwani. Utaona mitumbwi imefungwa kama mbuzi, wavuvi wamekaa, samaki hawafikiki. Gugu lile lilitoka Amerika ya Kusini, likasambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa ua lake la zambarau. Lilionekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo limekula fedha za serikali tatu. Hakuna jani la asili ya hapa lililopata kututia hasara kama pambo lile.

Jambo linalonikasirisha zaidi ni hili: nyasi ambazo sisi tunazidharau, wengine wamezipeleka kwao kwa heshima. Kuna jamii ya nyasi ziitwazo Brachiaria, asili yake Afrika. Aina moja mashuhuri ilichukuliwa Uganda. Leo zimefunika mamilioni ya ekari za malisho huko Brazil. Wataalamu wa Amerika ya Kusini wakazichanganya, wakapata aina mpya, na sasa mbegu zinarudi kwetu katika mifuko, tunazinunua kwa fedha. Nyasi ziitwazo kwa jina la Wakikuyu zimekuwa viwanja vya michezo Australia na California. Na huko Mbita, hapa hapa Homa Bay, katika kituo cha utafiti wa wadudu kinachoitwa kwa jina la Profesa Thomas Odhiambo, wataalamu walionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba ukilizungushia shamba lako matete, yule kipepeo ambaye viwavi wake hutoboa mabua ya mahindi huyaacha mahindi akataga katika matete, na viwavi wake wengi hufia humo. Katikati ya mahindi hupandwa desmodiamu, inayomfukuza mdudu kwa harufu yake na kulizuia gugu la kayongo. Maelfu ya wakulima wa magharibi ya Kenya wanakula ugali kwa elimu hiyo. Elimu hiyo ilianza kwa watu waliokaa chini wakazitazama nyasi, wakauliza ipi inafanya kazi gani.

Nitapita upesi juu ya nyumba za nyasi, kwa sababu sipendi kuwa mtu wa kuwasifia wengine umaskini. Mabati hayavuji, hayaliwi na mchwa, na mama aliyeyapata baada ya miaka ya paa la kuvuja hana haja ya kuhubiriwa na mimi. Ila ukienda Thimlich Ohinga, katika kaunti ya Migori, mahali palipoingizwa mwaka 2018 katika orodha ya urithi wa dunia, utaona kuta kubwa za mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, zimesimama karne nyingi. Wageni hupiga picha kuta. Nami kila nilipokwenda nimewauliza wanafunzi wangu: watu waliokaa ndani walijifunika nini mvua iliponyesha? Hunyamaza kwanza. Kisha mmoja hujibu kwa sauti ndogo, kama anayetaja jambo la aibu: nyasi.

Kuna tena hoja ya miti, na hii ni ngumu kwangu kwa sababu naiheshimu. Profesa Wangari Maathai alitufundisha thamani ya mti, akaanzisha kazi yake mwaka 1977, akapata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Mwaka 2022 serikali ilitangaza nia ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Jambo jema. Walakini si kila mahali pasipo miti ni mahali palipokatwa miti. Uwanda wa nyasi si msitu uliokufa. Ni nchi kamili yenye wenyeji wake. Mtu akienda katika uwanda wa Lambwe akaupanda mikalitusi kutoka mwisho hadi mwisho, atapigiwa makofi, na korongo watakuwa wamekwisha. Panda mti penye kilima kilichonyolewa, panda kando ya mto Kuja ambao kila masika hupeleka ziwani udongo wetu mwekundu. Penye nyasi za asili, uliza kwanza.

Wamarekani walichelewa kuuliza. Katikati ya nchi yao palikuwa na nyanda za nyasi zilizokwenda mpaka upeo wa macho. Jimbo la Illinois hata leo hujiita jimbo la nyanda hizo. Jembe la chuma likaingia, na sasa katika Illinois haikubaki hata sehemu moja katika mia ya nyasi za asili. Katika miaka ya 1930 ukame ulipozikuta nchi za magharibi yake zimelimwa na kuachwa uchi, udongo uliruka ukawa mawingu meusi, watu wakahama kwa maelfu. Ndipo wengine wakaanza kutafuta mbegu. Unajua walizipata wapi? Kando ya reli, na katika makaburi ya zamani, mahali ambapo jembe liliona haya kuingia. Kuanzia katikati ya miaka hiyo ya 1930, chuo kikuu cha Wisconsin kilizirudisha nyasi za asili katika shamba lililokwisha kulimwa, na nyasi zile zipo hata leo. Siku hizi watu wa huko hupanda nyasi za kwao mbele ya nyumba na shule, wakafurahi wakiona kipepeo mmoja.

Sisi hatujafika kutafuta mbegu makaburini. Mbegu bado ziko kando ya barabara ya Rongo na ya Mbita, pembeni mwa viwanja vya makanisa, juu ya vilima vyenye mawe ambako plau haipiti. Basi nitakuambia namna ya kufanya, ili usiseme mwalimu alilalamika tu.

Usiende kuchuma katika hifadhi; sheria inakataza, na ni sheria ya haki. Tafuta nyasi zilizokomaa kando ya njia karibu nawe, baada ya masika, mwezi wa Juni au Julai, uombe ruhusa ya mwenye shamba. Chuma mashuke ya Themeda na ya nyasi za kuezekea, uyaanike kivulini, uyahifadhi katika mfuko wa karatasi mahali pakavu. Usizipande papo hapo, maana mbegu mpya ya Themeda hulala miezi mingi kabla ya kukubali kuota. Ukiihifadhi mpaka Machi inayofuata, utakuwa umeingojea kwa kiasi chake. Andaa kipande cha hatua ishirini kwa hatua hamsini. Palilia, usichimbe sana. Mvua ya kwanza ikinyesha, tawanya mbegu, zifunike udongo kidogo. Mahali pasipoota, gawanya shina la zamani kwa panga, upande vipande vyake kama upandavyo matete.

Mwaka wa kwanza utavunjika moyo. Kishona nguo kitaota kuliko nyasi zako, na watu watapita wakicheka. Kingoe kwa mkono kabla hakijachanua. Mwaka wa pili mafungu yataanza kushikana. Tangu hapo fyeka mara moja tu kwa mwaka, mbegu zikiisha kudondoka, uache urefu wa shibiri, na ufyeke nusu ya kipande mwaka huu, nusu mwaka ujao, ili waliomo wapate pa kuhamia. Usiache kabisa kufyeka, kwa maana nyasi hizi zisipoguswa miaka mingi hujisonga zenyewe na kufa kwa mavi yake ya zamani, yaani majani makavu yaliyorundikana. Zizungushie njia pana isiyo na majani, moto usivuke. Nyasi zilizokatwa ni chakula cha ng'ombe wa shule, au matandazo ya bustani ya sukuma wiki.

Na kazi hiyo asipewe mwanafunzi aliyechelewa mstarini. Wapewe walioiomba, waandike majina yao katika daftari, na pembeni ya majina waandike ndege walioonekana, siku na mwezi. Mwendee mwalimu mkuu wako na wenzako watatu au wanne, kwa adabu, mwombe kipande kile cha nyuma ya maabara. Akikataa, mwendee tena mwaka ujao. Mbegu iliyowekwa pakavu haiharibiki kwa mwaka mmoja.